Kabla hujajenga kompyuta ya sinema, hesabu filamu zako

Chukua karatasi. Andika kila filamu na kila tamthilia uliyo nayo mwenyewe: diski zilizojaa droo, faili zilizo kwenye fleshi na hadidiski ya nje, video za harusi, za mahafali, za watoto wakiwa wadogo. Vya kulipia kila mwezi, kama Netflix, usiviandike. Hivyo si vyako. Mkataba wa kampuni na mwenye haki ukiisha, filamu hutoweka usiku, asubuhi huna wa kumuuliza. Ukimaliza kuandika, hesabu. Kama hazifiki hata 50, nunua kijiti cha kutiririsha filamu, cha kuchomeka kwenye HDMI ya runinga, ukatazame kwa raha zako, kazi imekwisha. Kama karatasi imejaa ukageuza upande wa pili, kaa tuzungumze.

Hivyo ndivyo ninavyomjibu kila anayeniuliza kama kompyuta ya sinema sebuleni, yaani ile inayoungwa kwenye runinga kwa ajili ya filamu, bado ina maana. Zamani nisingejibu hivyo. Yangu ya kwanza niliiunga mwishoni mwa 2009, Windows 7 ikiwa mpya kabisa na Media Center yake ndani. Ilikuwa na kadi ya kunasa matangazo ya TV, hadidiski ya terabaiti 1, na kasha jeusi la kulala lililofanana na deki. Ilirekodi tamthilia ikiwa yenyewe, ikacheza DVD, ikaonyesha picha za familia. Hakuna runinga niliyoijua wakati ule iliyoweza hayo yote. Ilikuwa pia na feni tatu. Shangazi yangu, ambaye tunaishi naye, aliiita mashine ya kusaga. Filamu ikifika pale watu wanaponong'onezana, yeye alisikia upepo tu.

Windows 10 ilipotoka 2015 bila Media Center, nusu ya kazi za mashine ile zilikufa. Runinga nazo zilikuwa zimeanza kuja na app ndani, na vijiti kama Chromecast, iliyotoka 2013, vikafanya kwa wati chache kile ambacho yangu ilikifanya kwa wati sabini na kelele juu.

Leo, kwa mtu anayetegemea huduma za kutiririsha peke yake, kompyuta itampa picha mbaya kuliko kijiti. Sababu ni kwamba huduma hizo zinaiogopa kompyuta, maana ndiyo nyepesi kunakilia. Netflix kwenye Chrome ya Windows huishia 1080p. Ukitaka 4K, yaani picha yenye nukta mara nne ya hizo, inabidi utumie Edge au app yake, kichakataji (ubongo wa kompyuta) kisiwe cha zamani, na kila kifaa kilicho kwenye mstari wa HDMI kikubali HDCP 2.2, ule ulinzi wa kuzuia kunakili. Risiva moja ya sauti ya zamani ikikaa katikati bila HDCP 2.2, 4K huipati. Linux ndiyo haipewi 4K kabisa. Diski za 4K Blu-ray nazo zina kisa chake: njia rasmi ya kuzicheza kwenye kompyuta ilitegemea SGX, kijichumba cha siri ndani ya vichakataji vya Intel, na Intel ikakiondoa kwenye vichakataji vya kompyuta za kawaida kuanzia kizazi cha 11. Kwa hiyo kompyuta mpya ya leo inashindwa na diski ambayo ya 2017 iliicheza. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

Basi kwa nini bado ninayo? Kwa sababu karatasi yangu ilijaa pande zote mbili. Nina diski nilizonunua kwa miaka 20, nyingine ni filamu ambazo hakuna huduma inayozionyesha. Nazinakili kwenye hadidiski, nazitazama kwa ubora wake wote. (Sheria ya kunakili diski uliyoinunua hutofautiana nchi na nchi; angalia ya kwako kabla hujaanza.) Ubora huo si maneno ya wapenda vyombo. Diski ya 4K Blu-ray huweza kutoa data hadi megabiti 128 kwa sekunde, wakati huduma za kutiririsha 4K kwa kawaida hutuma kati ya 15 na 25. Tazama moshi, mvua au uso wa mtu gizani kwa njia zote mbili, utaona. Kwenye mkondo wa intaneti, ukuta wenye kivuli huwa na mabaka kama rangi iliyopakwa kwa haraka.

Ukishakubali kwamba unajenga kwa ajili ya maktaba yako, swali la pili ni wapi pa kuiweka mashine. Hapa ndipo wengi tulikosea. Tuliijenga sebuleni, chini ya runinga, tukahangaika na feni, na kasha, na wasiwasi wa kumwagiwa chai. Mimi sasa nimeigawa mara mbili. Mashine yenye hadidiski iko stoo, karibu na ruta, haina skrini wala kibodi, inanguruma huko peke yake. Kwenye runinga kuna kidude kidogo kisicho na feni ambacho kazi yake ni kuvuta filamu kutoka stoo na kuionyesha. Ya stoo tuiite seva. Kidude kikiharibika nabadilisha kidude, filamu haziguswi. Nikinunua runinga ya pili, naongeza kidude kingine. Kama una runinga moja, chumba kimoja na filamu chache, unaweza kuviweka pamoja, lakini hata hapo ningekushauri hadidiski usiiweke mahali unapokaa. Hadidiski ya inchi 3.5 ina mlio wake wa kukwaruza, na masikio yakishaujua hayausahau.

Tuanze na seva, maana ndiyo inayobaki miaka mingi.

Usinunue mashine mpya kabla hujatazama za zamani zilizo karibu nawe. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za ofisini ambazo Windows 11 inazikataa sasa zinatafuta wa kuzichukua. Ukiweka Linux ndani, zina maisha marefu bado. Cha kutazama ni kizazi cha kichakataji, kwa sababu ya kodeki, yaani namna video ilivyofungwa. H.264, ya 2003, inafunguliwa na karibu kila kitu. HEVC, ya 2013, ndiyo iliyo kwenye diski za 4K, tena kwa rangi za biti 10. Kwa Intel, uwezo kamili wa kuifungua kwa sehemu maalumu ya kichakataji ulikuja na kizazi cha 7. AV1, iliyokamilishwa 2018, ndiyo inayoenea sasa, na Intel walianza kuifungua hivyo kuanzia kizazi cha 11. Nasema "sehemu maalumu" kwa makusudi. Kichakataji kikilazimika kufungua video ya 4K kwa nguvu za jumla, kinachemka, feni inapiga kelele, na picha inakatika. Kikiwa na sehemu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kinaifanya kama hakifanyi kitu.

Kwa hiyo mashine ya ofisini ya kizazi cha 7 au cha 8 inatosha sana. Ukikosa, kuna vikompyuta vidogo vyenye Intel N100, kichakataji cha 2023 chenye kori 4 na kiwango cha wati 6, nacho kinafungua hadi AV1. Usinunue kadi ya grafiki. Ninajua inavutia, lakini kwa filamu ni feni ya ziada na umeme wa ziada. Ramu gigabaiti 8 zinatosha. SSD ndogo kwa ajili ya mfumo endeshi, yoyote.

Umeme ndio watu hawaupigii hesabu. Seva huwashwa mchana na usiku. Mashine inayokula wati 60 ikiwa imekaa tu itamaliza uniti 525 kwa mwaka. Inayokula wati 8 itamaliza 70. Mashine yangu ya 2009 nimeshawahi kuihesabia, nikanyamaza.

Hadidiski nunua kubwa moja badala ya ndogo nne. Filamu ya Blu-ray ya kawaida, ikinakiliwa bila kupunguzwa, huchukua kama gigabaiti 30; terabaiti 8 zinabeba karibu 250 za aina hiyo. Za 4K huchukua mara mbili au zaidi, maana diski zake nyingi zina nafasi ya gigabaiti 66 au 100. Kisha nunua ya pili yenye ukubwa uleule, ya nakala. Wapo watakaokuambia uziunge kwa RAID ili moja ikifa nyingine iendelee. Sawa, lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya, RAID inalifuta kote kwa utiifu kabisa. Nakala ni ile iliyochomolewa ikawekwa kabatini.

Nimejifunza hilo kwa kulipa. Hadidiski yangu ya terabaiti 4 ilianza kulia tik, tik, tik usiku mmoja, kama saa ya ukutani. Asubuhi haikuonekana tena. Filamu niliweza kuzinakili upya kutoka kwenye diski, ilinichukua wiki sita za jioni. Lakini video ya binti yangu akipiga hatua zake za kwanza ilikuwa humo peke yake. Baadaye tuliipata kwenye simu ya shemeji, ile niliyomtumia kwa WhatsApp, imebanwa mpaka uso wa mtoto umekuwa vipande vya mraba. Ndiyo tuliyo nayo. Video za familia sasa zina nakala tatu, moja iko nyumba nyingine kabisa.

Kwenye seva weka Jellyfin, programu inayozipanga filamu zako na kuzipeleka kwenye runinga. Ni ya bure, haina akaunti ya kufungua kwa mtu yeyote, ilizaliwa Desemba 2018 pale Emby, programu ya kazi hiyohiyo, walipofunga msimbo wao na watu wakaamua kuendeleza toleo la wazi. Plex, nyingine ya aina hiyo, ni laini zaidi kwa asiyependa kuhangaika, ila inakutaka uwe na akaunti kwao, na mambo yake kadhaa ni ya kulipia. Nilitumia Plex miaka minne, sina ugomvi nayo. Nilihama tu siku intaneti ilipokatika nikashindwa kuingia kwenye filamu zilizo stoo kwangu mwenyewe.

Ukishaisakinisha, fungua kivinjari kwenye kompyuta yoyote ya nyumbani, andika anwani ya seva na namba ya mlango 8096, kisha fuata maelekezo. Kabla ya hapo, panga faili. Hii ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni kubofya. Kila filamu iwe na folda yake yenye jina na mwaka kwenye mabano, na faili ndani iwe na jina hilohilo. Mwaka ni lazima, kwa sababu majina ya filamu hurudiwa sana na programu itakuchukulia ile isiyo yako. Manukuu yapewe jina lilelile la filamu, kisha nukta, kisha kifupi cha lugha: "sw" kwa Kiswahili, "en" kwa Kiingereza, halafu "srt". Yahifadhi kwa UTF-8, la sivyo herufi zenye alama juu zitageuka takataka. Tamthilia ziwe na folda ya jina, ndani yake folda iitwayo Season 01. Hilo liache kwa Kiingereza, ndivyo programu inavyolisoma. Kila kipande kiwe na S01E01, S01E02 kwenye jina lake.

Video za familia ziwekee maktaba yake peke yake, uchague aina ya video za nyumbani, ili programu isiende kuzitafutia taarifa kwenye intaneti. Mimi nilizichanganya na filamu. Video ya mahafali ya binti yangu ikavishwa bango la filamu ya kutisha, mtu mwenye shoka amesimama mlangoni. Shangazi aliliona kabla yangu. Alidhani nimefanya makusudi.

Sasa twende sebuleni.

Kidude cha kwenye runinga kinaweza kuwa app ya Jellyfin ndani ya runinga yenyewe, na kwa watu wengi hilo linatosha. Ijaribu kwanza kabla hujanunua chochote. Ikikwama, au ikishindwa na manukuu au sauti, ndipo utafute kisanduku cha Android TV kinachoeleweka, au Raspberry Pi, kikompyuta kidogo cha bodi moja, yenye LibreELEC, mfumo mdogo ambao kazi yake ni kuwasha Kodi, programu ya kuchezea filamu, basi. Kodi ndiyo ile XBMC ya zamani iliyoanzia kwenye Xbox ya kwanza. Ilibadilishwa jina 2014. Mimi natumia Raspberry Pi 4. Inafungua HEVC ya 4K bila jasho, haina feni, na inaelewana na rimoti ya runinga. Pi 5, iliyotoka 2023, ina nguvu zaidi ila sehemu maalumu ya H.264 imeondolewa, kichakataji chake kinaimudu 1080p kwa nguvu za jumla, kwa hiyo hutaona tofauti. AV1 ya 4K zote mbili haziiwezi. Kama ndiyo uliyo nayo kwa wingi, chukua N100.

Kuhusu kebo ya mtandao, sikiliza kisa hiki. Nilitoboa ukuta, nikavuta kebo mita 12 kutoka kwenye ruta hadi kwenye runinga, nikaziba tundu kwa saruji, nikapaka rangi. Filamu za 4K zikaanza kukwama, tena palepale penye moto na vumbi. Nikailaumu seva, nikailaumu hadidiski, nikabadilisha ruta. Siku moja kebo ilichomoka bila mimi kujua, runinga ikarudi kwenye Wi-Fi, filamu ikateleza kama maji. Tundu la mtandao nyuma ya runinga lilikuwa la megabiti 100 kwa sekunde. Runinga nyingi ziko hivyo, hata za 4K. Filamu inayofika 128 haiwezi kupita kwenye mlango wa 100. Kwa hiyo kama unatumia app ya ndani ya runinga, Wi-Fi ya 5 GHz inaweza kuishinda kebo. Raspberry Pi na visanduku vizuri vina tundu la gigabiti, kebo yangu sasa imeingia huko na ukuta haukutobolewa bure.

Kama una risiva au sabufa yenye HDMI, kidude kiunge kwenye risiva kwanza, kisha risiva iende kwenye runinga. Ukikiunga kwenye runinga na kurudisha sauti kwa ARC ya kawaida (njia ya HDMI ya kurudisha sauti kutoka kwenye runinga), sauti za diski zilizobanwa bila kupoteza chochote, kama Dolby TrueHD, hazitapita, zinahitaji eARC, toleo jipya la njia hiyo. Kisha kwenye Kodi washa chaguo la kupitisha sauti kama ilivyo, utie alama aina zile tu ambazo risiva yako inazijua. Ukitia alama isiyoijua, utapata ukimya au mkwaruzo wa kukutoa kwenye kiti.

Halafu kuna jambo ambalo, ukilikosea, kazi yote hii itaonekana duni kuliko kijiti, na wala hutajua kwa nini. Nalo ni kasi ya skrini.

Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, au kwa usahihi wa diski na faili, 23.976. Kidude chako, kikiachwa kama kilivyotoka dukani, hutuma picha mara 60 kwa sekunde. Sitini haigawanyiki kwa 24 bila baki. Kwa hiyo fremu moja huonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, tena tatu, tena mbili: moja hukaa milisekunde 50, nyingine 33. Mtu akiwa amekaa anazungumza hutaona kitu. Kamera ikianza kugeuka taratibu kufuata mandhari, milima inakwenda kwa kuchechemea. Macho yanachoka, mdomo hauna jina la kuliita jambo hilo.

Nenda kwenye mipangilio ya Kodi, upande wa kichezaji, sehemu ya video. Kuna chaguo la kubadili kasi ya skrini ifuate video. Liweke lifanye kazi video inapoanza na inapoisha. Kisha nenda kwenye mfumo, sehemu ya onyesho, kwenye orodha ya maumbo yanayoruhusiwa, utie alama 1080p na 4K kwa kasi za 23.976, 24, 25, 29.97, 50, 59.94 na 60. Menyu yenyewe iache 1080p, kidude kisihangaike kuchora vitufe kwa 4K. Filamu ikianza, runinga itakuwa nyeusi sekunde moja au mbili. Hiyo ndiyo dalili kwamba imebadilika. Watu wa nyumbani wataiuliza, waambie ni kawaida.

Na usiridhike na 24 ukadhani ni sawa na 23.976. Niliweka 24 mwaka mzima. Kila baada ya muda picha ilishtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga jiwe, kisha ikaendelea. Nikakaa na saa ya simu mkononi, nikapima: sekunde 41 na ushei. Tena 41. Tena 41. Tofauti ya 24 na 23.976 ni fremu 0.024 kwa sekunde. Gawanya 1 kwa hiyo, utapata 41.7. Skrini ilikuwa inaikimbia filamu, na kila ikifika hapo ililazimika kurudia fremu moja ili isubiri. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyoijenga mashine yenyewe. Mke wangu aliniangalia nikiwa nimekaa mbele ya filamu na saa, akaenda kulala.

Kingine kinachoharibu kimyakimya ni weusi. Runinga hutarajia weusi uanze kwenye namba 16 na weupe uishie 235; kompyuta huhesabu kutoka 0 hadi 255. Kidude na runinga visipokubaliana, ama giza linameza kila kitu, ama weusi unakuwa kijivu kama majivu. Tafuta onyesho la usiku lenye mtu aliyevaa koti jeusi. Ukiona mikunjo ya koti na huku giza la nyuma yake ni giza kweli, mko sawa. Usipoona, badilisha upande mmoja tu, si pande zote mbili. Na kama kingo za menyu zimekatwa, tatizo liko kwenye runinga: zima ule mpangilio wa kukuza picha, uweke ionyeshe nukta kwa nukta.

Imebaki rimoti, na ndiyo itakayoamua kama watu wa nyumbani wataitumia au wataiacha.

Ile mashine yangu ya kwanza ilikuwa na kibodi isiyo na waya, kipanya, na rimoti mbili. Jioni moja shangazi alitaka kutazama peke yake. Niliporudi nilimkuta amekaa, kibodi mapajani, skrini ya bluu mbele yake ikisema masasisho yamefikia asilimia 30. "Mwanangu," akaniambia, "hiki kidude kinataka nini tena? Nimekipa kila kitu." Alikuwa amebonyeza "Sawa" kwenye kila kilichouliza.

Kuanzia hapo nina sharti moja: rimoti ya runinga, hiyohiyo, iendeshe kila kitu. HDMI ina njia iitwayo CEC inayopeleka vitufe vya rimoti hadi kwenye kifaa kilichochomekwa. Raspberry Pi inayo, visanduku vingi vya Android TV vinavyo. Kompyuta za kawaida karibu zote hazina, na hii ni sababu nyingine ya kutoiweka kompyuta kamili sebuleni. Ukilazimika, Pulse-Eight wanatengeneza kiunganishi cha USB kinachoipa kompyuta CEC; au tumia Flirc, kipokezi kidogo cha USB kinachofundishwa vitufe vya rimoti yoyote uliyo nayo. Kwenye runinga tafuta CEC ndani ya mipangilio na uiwashe. Watengenezaji huibatiza kila mmoja jina lake, usikate tamaa usipoliona jina hilo lenyewe.

Kwenye seva ya stoo, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, tafuta mpangilio wa kitu cha kufanya umeme ukirudi, uiambie ijiwashe. Ukisahau hilo, kila umeme ukikatika utaitwa wewe, popote ulipo. Masasisho yapange yafanyike alfajiri, au uyafanye mwenyewe mara moja kwa mwezi. Mimi huyafanya kwa mkono. Na kwenye Kodi ondoa kila kitu kwenye menyu ya mwanzo isipokuwa filamu, tamthilia na video za familia. Hali ya hewa, michezo, redio, muziki, vyote viondoe. Kila kitufe kisicho na kazi ni simu moja utakayopigiwa.

Kisha mpe rimoti mtu ambaye hajui umefanya nini, na utoke nje ya nyumba. Usisimame mlangoni, kaa nje kabisa. Mimi nilikwenda kuosha gari ambalo halikuwa chafu. Nilirudi baada ya saa moja, shangazi alikuwa katikati ya filamu ya zamani, miguu juu ya stuli, sauti kubwa kuliko ninavyopenda.

"Leo umeizima ile mashine ya kusaga?" akaniuliza bila kugeuka.

Nikamwambia iko stoo.

"Iache hukohuko."